Gorogoro la Trufosa

Jina la kwanza Huduma walilikataa:
Mavuno Bora, kuna mtu Eldoreti keshalichukua.
La pili vilevile. La tatu nikaandika la mama,
Trufosa Nafaka,
na kompyuta ikanyamaza, ikakubali.

Nikapata namba ya ushuru. Nikalipia leseni ya kaunti,
nikaenda Mbale mara mbili kwa ajili ya mhuri mmoja
(mwenye mhuri alikuwa likizo, na ufunguo wa droo alikuwa nao).
Nikanunua mtungi mwekundu wa kuzimia moto,
nikautundika juu ya magunia ya mahindi na njugu
kama mgeni aliyepewa kiti kirefu.

Kisha akaja Amukowa wa vipimo
na mawe yake ya shaba ndani ya sanduku.
Akaweka jiwe, akaondoa, akaweka,
akakaza parafujo, akaipiga mizani chapa.
Akitoka akaliona gorogoro kwenye rafu.
"Hilo sheria hailijui."
"Mimi nalijua," nikasema.

Maana ndilo lililonisomesha.
Miaka kumi na tisa soko la Luanda,
mama akilijaza mpaka kichuguu,
akikipangusa kwa kiganja, huku akiuliza habari za watoto.

Jioni nikafunga mlango.
Nikalijaza maharagwe, nikaliweka mizanini.
Mshale ukapanda, ukasita,
ukakaa: kilo mbili kasoro robo.

Nikamwaga. Nikaligeuza.
Kitako kimebonyezwa kwa ndani,
taratibu, kwa nyundo iliyofungwa kitambaa,
nyundo ya mtu anayedaiwa karo.

Fomu zote nilizojaza, hakuna iliyouliza hilo.
Waliuliza mtaji ni kiasi gani. Niliandika.
Hawakuuliza umetoka wapi.

Asubuhi leseni iko ukutani,
ndani ya fremu iliyokosa picha ya harusi.
Mteja wa kwanza ni Rispa Ayuma,
aliyenunua kwa mama tangu sijang'oa jino.
Maharagwe, kilo mbili. Mshale ukatulia penye haki.
Nikaongeza kiganja. Nikaongeza cha pili.

"Mbona umepitiliza?"
"Ni deni," nikasema, nikainamia mfuko.

Alinitazama, akalitazama gorogoro,
akachota kiganja kimoja, akakirudisha guniani.
"Usinilipe yote," akasema.
"Mimi pia daftari la mama yako sikulimaliza."