Namba ya Katikati

Gunia lina namba tatu, kwa wino mwekundu:
kumi na nane, arobaini na sita, sufuri.
Ya kwanza hukuza jani. Ya mwisho haina kitu.
Ya katikati ndiyo fosforasi,
na hiyo ndiyo niliyoimwaga, mimi Shivachi,
kwa kikombe cha chai kilichovunjika mkono,
miaka sita, hapa Karen,
juu ya nyasi za Bwana Tirop,
nyasi ambazo hakuna ng'ombe atakayezila.

Mvua ya Aprili haibishi hodi.
Nilimaliza kunyunyiza saa tisa;
saa kumi mbingu ikashuka yote.
Nikasimama chini ya paa la gereji
nikaitazama mbolea yangu ikiondoka,
chembe za kijivu zikipita geti
bila kuulizwa na mlinzi zinakwenda wapi,
zikakutana na za Mama Kirigo mtaroni,
na za pasta mwenye bustani kama uwanja wa mpira,
zikateremka pamoja na udongo mwekundu
hadi bwawani.

Maji hayachagui. Hula yanacholetewa.
Baada ya wiki mbili bwawa lilikuwa kijani
kama sufuria ya mrenda iliyosahauliwa jikoni.
Kisha harufu.
Kisha perege, matumbo juu,
macho meupe kama vifungo vya shati.
Mtoto wa jirani aliwahesabu,
akafika sitini na moja, akaitwa ndani.

Mkutano ukaitwa. Viti vya plastiki, maji ya chupa.
Lawama nazo hupenda mteremko:
wakasema ni waosha magari kule chini,
wakasema ni mabanda, ni vyoo vya mabanda.
Lakini mabanda yako chini ya bwawa,
na sijaona bado maji yakipanda kilima
kwenda kumchafua aliye juu.
Nilikuwa nyuma, nikipanga viti,
namba ya katikati ikiwa ndani ya kucha zangu.
Sikusema. Mpanga viti haombi nafasi ya kuzungumza.

Usiku nikampigia Mideva, binti ya dada yangu,
anayesomea kemia Chiromo.
"Mjomba, udongo wa hapo umeshiba.
Kinachozidi hakikai.
Na mwani unakingoja hichohicho
kama watoto wa bweni wanavyongoja kengele.
Ukila unajaa, ukijaa unakufa,
ukioza unavuta pumzi yote ya maji.
Wale samaki hawakulishwa sumu.
Walinyimwa hewa."

Jumatatu nilitumwa dukani na pesa za gunia la siku zote.
Nikanunua lile jingine: ishirini na sita, sufuri, sufuri.
Chenji nikairudisha yote, na risiti.
Kando ya mtaro nikaacha majani marefu, upana wa hatua tano,
nikasema mashine inasumbua.
(Mashine haikuwa inasumbua.)

Nusu gunia lililobaki nililiomba, nikapewa.
Likapanda basi nami hadi Shinyalu,
ambako mahindi ya mama yalikuwa na majani ya zambarau;
ndivyo udongo wenye njaa unavyolia.
Kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, si zaidi.
Mama akafukia kwa kisigino,
akauliza kwa nini huko Nairobi
chakula cha mahindi wanapewa majani ya kukanyaga.
Nikasema sijui. Mpaka leo sijui.

Mwezi wa saba Bwana Tirop alisimama barazani:
"Shivachi, safari hii nyasi zimekubali."
Nikasema, "Zimekubali, bosi."
Musembi wa kwa Mama Kirigo akaja ukutani
kuuliza ninatumia dawa gani.
Nikamwonyesha gunia, nikaweka kidole katikati.
Akasoma. "Hakuna kitu hapa."
"Ndiyo hiyo," nikamwambia.

Bwawa bado.
Mideva anasema tope la chini lina kumbukumbu,
litaendelea kutudai kwa miaka.
Lakini jana, baada ya kazi, nilitumbukiza mkono.
Zamani ulipotelea kwenye kifundo.
Jana vidole niliviona.
Kucha, bado.