Chanuo la Zulia

Spoku zilizokatika nilikuwa nazitia koponi,
kopo la rangi, nyuma ya mlango, hapa Isevya,
nikisema: ipo siku.
Siku ikaja imebeba zulia begani.

Bi Nyamizi anaosha mazulia ya watu.
Kiangazi cha Tabora anakipima kwa ndoo:
vumbi la Agosti, anasema, linalizidi la Juni kwa nusu,
na zulia la hakimu lina mchanga uleule
ulio kwenye mkeka wa mlinzi wake.

Akalikunjua sakafuni kwangu, juu ya grisi na vipande vya mipira.
"Tazama. Nimelifua, limekauka, limelala."
Kweli, manyoya yalikuwa chini, yameshikamana
kama nyasi walizolalia ng'ombe.
"Fagio haliyainui. Brashi ya nguo inaniua kiwiko.
Wewe una vyuma. Nitengenezee kitu."
Kitu! Kana kwamba kitu ni jina.

La kwanza nililiunda kwa haraka na kiburi:
spoku kumi na mbili, zimenyooka, kali,
zimepigiliwa kwenye ubao wa mninga.
Likala zulia. Likaacha upara
wa ukubwa wa kisahani.
Nyamizi hakunena. Alilirudisha kwa mwenyewe,
akaweka stuli juu ya upara,
akaondoka bila kudai hela yake.

La pili nikajihami: katani, na nywele za mkia wa ng'ombe.
Hilo lilibembeleza tu.
Vumbi likabaki palepale, limepewa pole.

Jibu sikulipata karakana.
Nilikwenda kudai pampu yangu, nikamkuta barazani,
binti yake Kabula amembana magotini, chanuo mkononi.
Hakuanzia kwenye ngozi. Alianzia nchani,
mkono wa pili umelishika shina la nywele
ili maumivu yasifike kichwani.
Nikasimama na pampu yangu kama mjinga.

Usiku ule nikazikunja spoku,
ncha zikatazama nyuma kidogo,
kama vidole vinavyokuna mgongo wa mtoto.
Moja ndefu, moja fupi. Moja ndefu, moja fupi.
Nikazipiga msasa mpaka zikapita shavuni mwangu
bila kusema neno.

Kikabaki kipini.
Nikampa donge la udongo mbichi: "Libane, unavyobana ukiwa kazini."
Akabana. Vidole vinne vikajiandika.
Kile kidogo kikabaki nje, kama mgeni asiyekaribishwa.
Kiliungua kwenye bani la tumbaku, Urambo,
ana miaka kumi na mmoja; hakikunjiki tena.
Miaka sita sisi ni majirani. Sikuwa najua.
Nikachonga mninga kwa kulifuata donge,
na pale pa kidole kile
nikaacha kibao kidogo, cha kukaa.

Siku hizi wananijia.
Nyumba moja ya wageni karibu na stesheni inataka ishirini.
Nawachongea kipini cha duara, cha mkono wowote.
Kinauzika. Sijaona mtu akikishika kwa furaha.

Jana nimempelekea Nyamizi spoku za akiba.
Zulia la hakimu limerudi, limetandikwa uani,
limechanwa lote, manyoya yametazama mashariki, jekundu la kung'aa.
Ukiyapeleka kinyume, rangi inaingia kiza.
Kabula aligundua hilo kabla yetu sisi wenye ufundi:
kwa kidole, katikati, kaandika KABULA,
herufi za kiza, L imelala,
na A ya mwisho imeuzunguka ule upara
kama ukuta wa kisima.

Nje, gari la hakimu linapiga honi.
Nyamizi kashika chanuo, kidole chake kimeketi kibaoni.
Hajainama bado.
Nikaaga pale pale, sikutaka kuona.