Kiraka cha Ukungu

Gemu yenyewe imezaliwa kabla ya ndevu zangu.
Gari moja jekundu, barabara moja, milima mitatu,
na dereva asiye na uso, maana aliyemchora
hakubakiwa na nafasi ya kumpa pua.

Kompyuta niliinunua Masasi kwa malipo ya pili ya korosho.
Feni yake inakohoa kama mbuzi aliyemeza mfuko.
Muuzaji alinionya: hii ni ya kuandikia barua za ofisini.
Nikamwambia sawa.
Sina ofisi.

Usiku bando ni nafuu. Nashusha viraka kimoja kimoja:
cha maji, ili dimbwi lirudishe taa za gari;
cha vivuli, ili mti ujilaze chini kila jua likiinama;
cha kutu kwenye mabati, cha nyasi zinazoyumba,
na kile cha jua, kinachomwaga asali juu ya boneti
hata nikafumba jicho moja, mimi niliyekaa gizani.

Somoe, dada yangu, anabangua korosho mlangoni kwa taa ya simu.
"Mvua yako haina harufu," anasema bila kugeuka.
Kisha anageuka.
"Na mvua yote hiyo, mbona hakuna aliyetoka kuanua?"

Nikacheka. Halafu nikahesabu:
nyumba ishirini na mbili, hakuna hata kamba ya nguo.

Ila mbele, daima mbele, mwendo wa nguzo nne za umeme,
ule ukungu wa kijivu, mzito kama uji wa mtama,
ukikimbia kila nikiukimbilia.
Kipo kiraka cha kuuondoa. Nikakibandika
saa nane usiku, umeme ukiwa bado na huruma.

Ukaondoka.

Barabara ilikatika kama sentensi ya mlevi.
Miti, karatasi mbili zilizopishanishwa.
Mlima wa tatu hauna mgongo,
na nyuma yake buluu tupu, isiyojua
kama ni mbingu au ni ukuta.

Kumbe haukuwa uvivu.
Mtu mmoja, sijui wapi, alikuwa na mashine ndogo kuliko yangu,
na dunia aliyoitaka haikuenea ndani yake;
akatandika ukungu pale uwezo ulipoishia,
kama mama afunikavyo chungu
mgeni asijue kilichobaki.

Alfajiri nikaenda na madumu kwenye foleni ya maji,
nikayaacha yashike zamu yangu,
nikatembea hadi Shimo la Mungu, pale Newala inapoishia.
Bonde halikuwepo. Ruvuma haikuwepo.
Msumbiji yote, haipo.
Weupe tu, umesimama miguuni pangu.
Nikangoja. Likatokea paa moja la bati,
kisha mkorosho, kisha njia, kisha mtu na baiskeli yake,
kila kimoja kikichorwa nilipokitazama,
nami sikuweza kuapa kwamba kilikuwepo kabla.

Nimebandua viraka tisa. Mashine inapumua.
Vivuli nimeviacha, dimbwi nimeliacha.
Asali ya jua nimeipunguza; kwetu jua halibembelezi hivyo.
Ukungu nimeurudisha, ila huu nimeukoroga mwenyewe,
siku kumi na moja za kubahatisha namba:
mweupe, wenye wekundu wa vumbi kidogo chini,
unapanda taratibu kutoka bondeni
na haukimbii ukifuatwa.

Na kwenye nyumba ya kwanza kushoto, kabla ya daraja,
kuna kamba. Kuna kanga moja.
Mvua ikianza, kanga haipo.

Somoe amekuja, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda,
ameinama hadi pumzi yake imeweka ukungu mwingine juu ya kioo.
Hajasifu. Hajauliza nani kaianua.
Kasema tu:
"Irudie hiyo mvua."