Taa Nyekundu, Mabela

Saa tano usiku. Kiyoyozi kinakoroma,
nami nimepiga magoti mbele ya ruta.
"Jina au nywila si sahihi."
Nimezima, nimewasha. Nimechomoa waya,
nikaupuliza kama uji wa mtoto.

Kijana wa kampuni, kwa Kiarabu:
"Jina kamili?" Namtajia.
"Halipo."
Namtajia tena, herufi kwa herufi.
Kimya. Kisha, kwa Kiswahili cha Wete:
"Bi mkubwa, humu umeandikwa Zuwaina.
Wewe watia Zuwena."

Miaka arobaini na mitatu nchi hii,
bado narudishwa mlangoni kwa irabu.

Nikaandika walivyoniandika.
Taa ikageuka kijani.
Mjukuu akatokea kiooni, Toronto, anatafuna mkate:
"Bibi, ulikuwa wapi?"
Nilikuwa nje, baba.