Baiti Nne

Kiraka cha Otakar kimerudi mara ya tatu,
mistari kumi na minane, safi kama shati la harusi.
Nje tramu inasaga kona ya Křenová,
vioo vya jikoni vinatetemeka, chai imekwisha poa.
Nasoma.

Kadi inaambiwa: pokea hadi elfu moja mia tano ishirini na mbili.
Bafa imetengewa elfu moja mia tano na kumi na nane.
Nasoma tena, kidole juu ya kioo
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Nne.
Zimepunguka nne.

Ni nafasi ya lebo tu,
kijikaratasi ambacho baadhi ya pakiti huvaa shingoni
kutaja ni za chumba gani.
Nyingi hazivai. Ndiyo maana majaribio yote yalipita
huku yakipiga mluzi.
Ila ije siku moja iliyovaa, tena imeshiba hadi ukomo,
kadi itaimimina yote, haijui ukingo, hujua kuambiwa;
na zile nne za mwisho zitamwangukia jirani,
labda kwenye anwani, labda kwenye saa,
labda kwenye sifuri isiyo na kazi.
Ubaya uko hapo, kwenye labda.
Mashine ya hospitali fulani itasinzia saa tisa usiku,
wataizima, wataiwasha, watalaumu umeme.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyetwambia kikijaa
anayemimina atajuaje.

Mama, kule Vizovice, akijaza chupa za jemu ya plamu
kila shingo aliiachia upana wa kidole.
Nikadhani ni uchoyo.
Msimu mmoja akaniachia sufuria, nikajaza mimi,
hadi mdomoni, kwa ukarimu.
Tulikwangua dari kwa kisu.

Namwandikia Otakar: Umepimaje?
Nafuta. Swali hilo lina kofi ndani yake.
Naandika: Ongeza nne.
Nafuta pia. Namba tupu haina ukoo,
kesho mwingine ataikuta yatima na kuibadili jina.
Naandika: Kipimo kihesabiwe pahali pamoja,
kadi na bafa zichote kisima kimoja.
Hilo naliacha.

Kisha, kwa ushupavu tu, nafukua historia ya faili
nimjue aliyeipanda kumi na nane ile.
Mwaka chini ya mwaka, majina ya watu waliokwisha hama kazi,
mmoja alikwenda kufuga nyuki.
Chini kabisa, Novemba, miaka kumi na mmoja nyuma:
Vendula Hrubá.
Mimi.
Na kando ya namba, kwa mkono wangu, maelezo ya neno moja:
inatosha.

Nakaa. Tramu nyingine inapita, karibu tupu.

Otakar, naandika, hukukosea, uliniamini.
Kosa ni langu, wewe umelirithi.
Tuma cha nne.