Nguzo ya Kumi na Moja

Goti la kushoto, tusikilizane.
Mimi na wewe hatukuanza leo.
Ulikuwa nami Wete, uwanja wa shule,
mita mia nane, peku, mchanga unaunguza,
Mwalimu Biubwa kashika saa ya mumewe
na mimi nawapita wasichana wa Chake
kama sikuwaona.
Zawadi sahani ya bati.
Ipo mpaka leo, jikoni kwangu Al Khoud,
naiwekea vitunguu thomu.

Halafu tukakaa.
Miaka thelathini na tisa tumekaa:
kwenye kiti cha maabara nikisoma damu za watu,
kwenye gari, kwenye zulia, mbele ya sinia za harusi,
haluwa, kahawa, sambusa mbili, ya tatu kwa kuombwa,
mpaka daktari, kijana niliyemfundisha kushika sindano,
akanisomea damu yangu mwenyewe.
Sukari, Mama Thuweba.
Sukari kwetu si mgeni,
ina mto wake barazani.

Kwa hivyo viatu.
Vya mjukuu wangu Muhannad, vilivyombana kabla ya kuchakaa,
rangi ya ndimu, aibu tupu.
Saa kumi na nusu, nimeshasali, mwezi wa saba,
na joto limeamka kabla ya muadhini,
limetanda njiani kama shuka mbichi.

Siku ya kwanza, nguzo mbili za taa.
Mbili!
Ya pili niliikumbatia kama ndugu aliyetoka hija.
Shafiqul, mfagiaji, akasimamisha ufagio,
akanipa chupa yake ya maji bila kuuliza.
Kiarabu chake cha kuokota njiani,
changu cha kujifunzia ukubwani,
tukaelewana kuliko mimi na mawifi zangu.
"Kesho tatu," akasema,
akanyoosha vidole vinne.

Hamdun alicheka hadi akapaliwa.
"Wamkimbia nani, Thuweba?
Ungenikimbia mimi, miaka arubaini nyuma."
Wiki ya tatu nasikia injini kisogoni,
taa mbili, pole, pole,
mimi mbele nahema, yeye nyuma na kiyoyozi,
redio inasoma Yasini.
Mtu angedhani maiti anakwenda makaburini kwa miguu yake
na jamaa wanamsindikiza.
Nikagonga kioo.
"Zima gari au zima Yasini. Sijafa."
Kikoi cha kulalia, ndara, macho mekundu.
"Naogopa mbwa," akasema.
Mbwa wenyewe walikuwa wamelala, joto limewashinda.
Lakini najua, Hamdun akisema mbwa,
anasema nini.

Goti, hapo ndipo ulipoanza, wakumbuka?
Nguzo ya saba, karibu na wadi kavu,
ukalia kama bawaba.
Sikuwa na subira, nilikuwa na hasira.
Mwezi mzima mafuta ya habasoda, barafu kwenye kitambaa,
mwezi mzima nazitazama nguzo kutoka dirishani
zinawaka bila mimi.
Mwili wa uzeeni haukupi kitu, hukukopesha,
na asubuhi huja kudai.

Leo nimefika ya kumi na moja.
Si mbio. Niseme kweli:
ni mwendo wa mtu anayefukuza basi asilolitaka sana.
Kijana mmoja kanipita akienda, kanipita akirudi,
mara zote mbili kanisalimu kama mama yake.
Lakini baina ya ya tisa na ya kumi,
pale taa ilipoungua na manispaa haijaja,
ndani ya giza lile, hatua kama kumi na tano,
pumzi ilikaa mahali pake
na mguu ukagusa chini, ukaondoka
kabla sijauagiza.
Sikurudi usichana. Siutaki, ulikuwa na njaa.
Nilikuwa huyu huyu wa sitini na tatu,
jasho mpaka masikioni,
nakwenda.

Nikageuka.
Hamdun yuko nguzo ya nne, kwa miguu,
kashika kiuno, anajidai anazungumza na simu.
Shafiqul anamfungulia maji.