Nafasi ya Kumi na Mbili

Alhamisi, saa nne usiku, ofisi ya Barabara ya Nane,
feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa,
nami napanga shule.
Simu ya Mwalimu Shekalaghe, Muheza:
"Andika, thelathini na moja kwa tisa."
Ya Pangani inakatika kwenye tarakimu.
Ya Maramba haikupigwa kabisa, nikaijazia makadirio,
Mungu anisamehe, nikaijazia.

Netiboli wasichana, ukurasa wa kumi na tano,
chini ya tangazo la mabati, juu ya waliofariki.
Sikuwahi kuona hata mechi moja.
Nilikuwa na rula, na chai ya rangi,
na mamlaka kumshinda mkuu wa wilaya.

Kilua, mhariri wangu, alikuwa akisema
orodha ndiyo muhogo, habari ni chachandu.
Na kweli, Ijumaa asubuhi pale stendi
wanaume wazima waligombania ya saba na ya nane
kama wanaogawana shamba la urithi.
Mkuu wa shule moja, simtaji,
alileta kikapu kizima cha machungwa,
akaniulizia hali ya watoto. Sina watoto.
Machungwa tuliyala, shule yake ikabaki ya tisa.
Wiki iliyofuata ikawa ya nane.
Walishinda! Naapa, walishinda.

Sasa, Jumatatu moja aliingia binti,
sketi ya shule, vumbi jekundu hadi magotini,
gazeti limekunjwa mara nne ndani ya daftari la hisabati.
Zuhera Shekiondo, nahodha, kidato cha tatu,
Sekondari ya Kwamzindo:
ya kumi na mbili kati ya kumi na mbili,
wiki ya sita mfululizo.
Nilijua kilichomleta. Nikaandaa hotuba:
takwimu hazina shangazi, mwakani mtajaliwa.

Hakuketi.
Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.
"Sisi ni Kwamzindo. Mmeandika Kwamzingo."

Nikangoja malalamiko yenyewe.
Hayakuja.
"Na kuwa wa mwisho," nikauliza, "hakuwaumi?"
"Kunatuuma. Lakini ni kweli, tumefungwa zote.
Mwaka jana pia tulifungwa zote, na hakuna aliyejua.
Baba ameibandika dukani, juu ya mzani.
Wateja wanamuuliza, Kwamzingo ndiyo wapi?
Anashindwa kusema ni sisi."

Nauli ya kuja, elfu tatu.
Ya kurudi sikuuliza anaitoa wapi.
Yote hayo kwa d moja niliyoigeuza g
kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Wapo wanaosema tusiwapange watoto ngazi,
kwamba namba ni fimbo. Nakubali nusu.
Ile niliyowakadiria Maramba ilikuwa fimbo hasa,
nimepiga gizani, sijui mgongo wa nani.
Lakini chini ya kumi na mbili ipo kumi na tatu,
ile isiyochapwa,
na huko ndiko Kwamzindo ilikocheza miaka yote,
ikifungwa bila shahidi.

Jumamosi nilikwenda.
Uwanja una mteremko, goli moja la bomba,
la pili mlingoti wa mkonge uliofungwa ringi kwa waya.
Zuhera hakunisalimia, alikuwa kazini.
Walifungwa ishirini na mbili kwa kumi na tisa.
Kumi na tisa! Kiganja changu kilikuwa na wino
nilipoiandika, nikaizungushia duara,
na mzee mmoja mwenye kofia ya vito
akachungulia daftari langu, akahakikisha.

Ijumaa ikatoka.
12. Kwamzindo.
Ile d imenyooka kama mlingoti.
Kilua akauliza mbona mstari wa mwisho
umekolea wino kuliko wa kwanza.
Nikamwambia, mashine.